Dawa Zenye Majina ya Watoto

"Chumvi ya kwanza nilitia mimi mwenyewe. Ya pili akatia yeye. Ya tatu akatia yeye tena! Sasa Charline, niambie: hii maharagi ni ya kula ao ni ya kukaushia ngozi?"

Cibalonza alisimama katikati ya ua, sufuria kiunoni kama mtu aliyebeba mtoto, akiwazungushia majirani ushahidi. Na majirani walikuwepo wa kutosha. Ua ule wa Katoyi ulikuwa na nyumba nne za mbao juu ya mawe meusi ya volkano, na tangu vita iwasukume watu wa Rutshuru kuja Goma, kila nyumba ililaza mara mbili ya vitanda vyake. Ugomvi ukianza asubuhi, watazamaji hawatafutwi.

"Kwani amekuua?" Charline alijibu, mikono imejaa povu la sabuni. "Mutu muzee ameongeza chumvi. Nitakupa maharagi ingine."

"Siyo maharagi! Ameingia kwangu bila hodi, amefunua sufuria yangu, kisha amelala kwenye kitanda yangu na viatu. Na viatu, Charline! Juzi alianguka mbele ya mulango yangu, watu wakasema ni mimi nimemusukuma. Mama mukwe yako haiko muzima. Ao ni kichwa, ao ni kitu ingine. Na hiyo kitu ingine sitaitaja mbele ya watoto."

"Itaje!"

"Sitaji."

"Itaje, Cibalonza! Tangu asubuhi unaitafuna mudomoni, iteme!"

Neno lenyewe kila mmoja alilijua. Bibi mwenye macho mekundu, anayeongea peke yake mchana na kuingia nyumba za wenzake: mtaani hadithi ya namna hiyo haihitaji mtu wa kuimalizia, na mwisho wake huwa si mzuri.

Mwenyewe, Koko Masika, kama ua wote ulivyomwita bibi huyo, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ukuta, kitambaa cha kichwa kimeangukia sikio moja. Alikuwa na miaka sabini na sita. Miezi mitano iliyopita alitoka Kiwanja, nusu kwa miguu, nusu kwa pikipiki, akafika kwa mwanawe Evariste na fuko moja. Aliwatazama wale wanawake wawili kama mtu anayetazama mvua inayonyesha kwa jirani.

"Ile maharagi haikuwa na chumvi hata kidogo," akasema.

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Evariste akatoka ndani, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina sabuni. Aliuza maharagwe sokoni na alijulikana kwa jambo moja: aliogopa kelele za majirani kuliko mabomu. Cibalonza akamgeukia yeye.

"Papa Evariste, mimi na wewe hatuna vita. Lakini nimeshafika kwa chefu wa avenyu. Papa Ndayambaje anakuja Jumapili kukata hii maneno. Kule Munigi kuna mama wa maombi, anafungia watu kama hawa ndani mpaka wanafunguliwa. Mumupeleke. Ao muhame."

Evariste akaangalia mawe. Akaangalia mama yake. Akaangalia majirani, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu majirani nao walikuwa wanamwangalia.

"Nitamupeleka," akasema. "Jumamosi."

"Munigi?" Koko akauliza. "Nilipita pale wakati ninakuja. Pamejaa."

*

Charline hakumsemesha mumewe mpaka jioni, na aliposema alisema maneno machache. "Kabla ya Munigi, daktari."

"Tulishaenda kwa daktari."

"Mimi sijaenda."

Jumanne akampeleka Koko kwenye kituo cha afya. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Daktari Balagizi, kijana aliyekuwa mwaka wa pili wa kusomea udaktari wa familia. Miezi ile mafunzo yao yalikuwa juu ya wazee tu, na foleni ilifika barabarani. Alikuwa mpole, koti lake limepigwa pasi, na alikuwa na haraka.

"Anakula?" akamuuliza Charline.

"Anakula kidogo."

"Analala?"

"Sasa analala sana. Mpaka mchana."

"Kuna dawa anakunywa?"

"Ya tansio."

Koko alikaa katikati yao kama mzigo uliosahauliwa kwenye basi. Balagizi akamfunga mkono, akapima shinikizo la damu, akatabasamu. "Tansio yake ni nzuri kuliko yangu. Ni uzee tu, mama. Kichwa inachoka kama vile goti inachoka." Akaandika vitamini, akapiga mhuri. Dakika nne.

Mlangoni Koko akasimama, akamwuliza mkamwana wake kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni, "Yule kijana, alikuwa anakutibu ugonjwa gani?"

Foleni ikacheka. Balagizi akaita mgonjwa mwingine, masikio yakiwaka moto.

*

Jioni mwalimu wake, Daktari Mukamugema, alipitia karatasi za siku hiyo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi wa kiatu, na alisoma karatasi za wanafunzi kama mama anayekagua vidole vya watoto kabla ya kula.

"Huyu wa miaka sabini na sita. Alikuambia nini?"

"Mukamwana wake alisema..."

"Sikuuliza mukamwana."

Balagizi akaikodolea macho karatasi.

"Ameanguka mara ngapi?"

"Hawakusema."

"Hukuuliza. Ulipima tansio akiwa namna gani?"

"Amekaa."

"Ulishaona mutu anaanguka akiwa amekaa?" Akavua miwani, ikarudi kifuani. "Dawa ya tansio, komprime ngapi? Nani alimupa? Uliziona kwa macho? Unaandika hapa 'ni uzee'. Daktari Balagizi, uzee siyo ugonjwa. Ni mahali ambapo daktari amechoka kuuliza."

"Foleni ilikuwa ndefu, docteur."

"Foleni itakuwa ndefu mpaka utazeeka na wewe, na kijana mumoja atakupa vitamini." Akamrudishia karatasi. "Alhamisi tunaenda kwake nyumbani. Utauliza wewe. Mimi nitanyamaza, na unajua kunyamaza inaniuma."

*

Habari kwamba madaktari wawili wanakuja ilitembea ua mzima kabla Charline hajafunga simu. Shida ilikuwa viti. Ndani mwao kulikuwa na benchi moja lenye mguu wa kuazima. Viti vya plastiki, vile vyeupe vya kukalisha wageni, vilikuwa viwili tu katika ua wote, na mwenyewe alikuwa Cibalonza.

Charline alizunguka mara tatu kabla ya kubisha kwake.

"Viti," akasema, akiangalia pembeni.

"Viti yangu?" Cibalonza akashika kiuno. "Ya mimi, mwenye uliniambia niteme?"

"Ni kwa madaktari."

Cibalonza akafikiri. Kisha akabeba viti mwenyewe, kimoja kila mkono, akaviweka sebuleni kwa Charline na kukalia sakafu karibu navyo. "Nitachunga viti yangu," akasema. Na hakuondoka tena.

Madaktari walipoingia, dirisha lilikuwa limeshajaa vichwa. Cibalonza aliposikia jina la kijana, akaruka. "Balagizi? Wa wapi? Wa Walungu? Basi ni mutoto wetu huyu! Ataona ukweli."

Mutoto wao akaketi, akafungua daftari, na ulimi wake ukarudi kwenye njia yake ya zamani. "Mama Charline, usiku analala?"

"Muulize vizuri," Koko akasema. "Hata mimi ninataka kujua kama Charline analala."

Dirisha likapasuka kwa kicheko. Daktari Mukamugema akaanza kuchunguza mabati ya paa. Balagizi akafunga daftari. Aliacha kiti cha Cibalonza, akavuta kigoda, akakaa chini kabisa mbele ya yule bibi, magoti yake marefu yakifika karibu na masikio.

"Koko, unisamehe. Tuanze upya. Wewe mwenyewe, unasikia nini kwenye mwili?"

Koko akamwinamia. "Nikisimama," akasema, "nyumba inaenda, mimi ninabaki."

Basi wakamlaza juu ya mkeka. Balagizi akapima. "Kumi na tatu." Akamsimamisha taratibu, akapima tena, na Koko akayumba, akamshika bega. "Imeanguka mpaka tisa."

"Tisa!" mtu wa dirishani akawatangazia walio nyuma, kama ni goli.

"Koko, unakunywa dawa gani?"

Koko akafungua fundo la kitenge chake kiunoni. Alilifungua polepole, kwa heshima, akapanga vibati vya komprime, vidonge vyake vyote, juu ya mkeka, kimoja kimoja.

"Asubuhi ninakunywa Marie-Louise," akasema. "Ni binti yangu wa Butembo, alituma na dereva. Saa sita ninakunywa Evariste. Mangaribi ninakunywa Julien, kitinda mimba. Alibaki Kiwanja kuchunga nyumba. Alinipa hii siku tulikimbia, akaniambia mama, usiache."

Balagizi aliokota kibati cha kwanza, akasoma nyuma. Akaokota cha pili. Cha tatu. Vibati vilikuwa na rangi tofauti, kimoja kimetoka ng'ambo ya mpaka, kingine kimeandikwa herufi ndogo kama chawa.

"Hii tatu..." akaviweka sambamba. "Hii tatu ni dawa moja. Ni jina tu inabadilika."

"Na usiku," Koko akaendelea, kwani hakuwa amemaliza, "ili nilale, ninakunywa Cibalonza."

Ua mzima ukageuka. Hata wa nje waligeuka, na wao hawakumwona mtu.

"Mimi?" Cibalonza akasema.

Koko akaweka kibati cha nne. Balagizi alikisoma, akampa mwalimu wake. Ilikuwa dawa kali ya usingizi.

Cibalonza akashika mdomo. "Ee Mungu wangu. Ile wiki ya mabomu ya Sake! Alikuwa anatetemeka mpaka asubuhi, tunasikia kupitia ukuta. Nikamupa komprime za marehemu bwana yangu. Lakini nilisema moja, Koko! Moja tu, usiku ule mubaya!"

"Mutoto akikupa dawa, unakunywa siku moja?" Koko akashangaa. "Ukiacha, si umemukataa? Nilifika hapa sina mutu wa kunipa hata maji, isipokuwa hawa wa nyumbani. Huyu akaniletea dawa kwa mukono wake. Nikasema, basi, Mungu ameniongezea binti." Akamgeukia Balagizi, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa anauliza. "Na kwa binti yangu ndiyo nibishe hodi?"

Cibalonza aliinama, akaanza kufuta vumbi kwenye mguu wa kiti, mguu uliokuwa safi. Kisha akainuka, akapita katikati ya watu, na mlango wake ukasikika unafungwa.

*

Kazi ilikuwa bado. Balagizi alieleza kwamba dawa ya tansio mara tatu ndiyo inamwangusha, na ile ya usingizi ndiyo inamvuruga kichwa. Abaki na moja asubuhi. Mbili zitolewe.

Koko akakusanya vibati vyote, akafunga fundo.

"Unaniambia nimutupe mutoto gani?"

"Siyo mutoto, Koko, ni dawa."

"Marie-Louise aliuza kuku kwa sababu ya hii. Julien, sijui kama nitamuona tena. Halafu Evariste yuko hapa, anasikia. Chagua wewe, daktari. Utupe nani?"

Evariste, aliyekuwa amejibana nyuma ya mlango, alijikuna shingo. Balagizi akamtazama mwalimu wake. Daktari Mukamugema aliuma midomo, uso umemvimba kwa maneno. Kitabu walichosomea kilisema dawa zinazorudufiana ziondolewe nyumbani. Hakikusema neno juu ya Julien.

Kijana akaomba vibati tena. Akasoma nguvu za dawa: sawasawa zote. Akasoma tarehe, akageuza kimoja kwenye mwanga wa dirisha, vichwa vikampisha.

"Hatutupi mutu," akasema. "Watanywewa kwa zamu. Kila asubuhi komprime moja tu. Mwezi huu ni Julien. Akiisha, anaingia Marie-Louise. Akiisha, Evariste. Kila mutoto na mwezi wake."

Koko akalipima lile. "Kwa nini anaanza Julien?"

"Dawa yake ndiyo itaharibika mapema."

"Hm." Mdomo wa bibi ukaanza kutabasamu. "Huyo kweli alikuwa na haraka tangu tumboni. Na Cibalonza?"

"Huyo hatumuachi mara moja, mwili utashituka. Wiki hii nusu. Wiki ijayo robo. Kisha tunamupumzisha."

"Docteur," Evariste akasema hatimaye, "Jumamosi ni Munigi. Nilishasema mbele ya watu."

Hapo Daktari Mukamugema alishindwa kuvumilia. "Papa, nipe wiki tatu. Kama hakuna mabadiliko, uje kunitukana mbele ya wagonjwa wangu wote."

Evariste akaangalia dirisha, vichwa vyote vile. Akaangalia mama yake, safari hii akamalizia hapo. "Wiki tatu," akasema, na akasema kwa sauti. "Mwenye kutaka kwenda Munigi aende yeye."

*

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Koko hakulala vizuri, na asipolala alisimulia, na alichosimulia ni mambo ya harusi ya Evariste ambayo Evariste alitaka yasahaulike. Cibalonza, aliyekabidhiwa na Charline kile kibati cha nne, alikata komprime kwa wembe kila jioni, nusu kwa nusu, akampitishia Charline dirishani akiwa amefunika uso kwa kitenge. "Shika," alisema tu. Ndani hakuingia, viti vyake hakuvidai.

Julien alipata mtandao siku moja juu ya kilima, akapiga simu. Alipoambiwa kwamba ndiye wa kwanza kunywewa, alicheka mpaka simu ikakatika. Marie-Louise wa Butembo alikasirika siku mbili: yeye ni mkubwa, kwa nini afuate nyuma? Balagizi alipiga simu kumbembeleza. Hilo pia halikuwa kitabuni. Kila Jumanne alikuja na mashine yake, akakaa kwenye kigoda, akamfundisha Koko kuamka: kwanza kaa ukingoni, hesabu mpaka kumi, ndipo usimame. Koko alihesabu kwa Kinande, kwa sauti, na watoto wa ua wakajifunza kuhesabu naye.

Katikati ya wiki ya pili aliamka asubuhi, akauliza kwa nini kitambaa cha kichwa kimekaa vibaya hivyo na kwa nini hakuna mtu aliyemwambia.

Jumapili ya tatu, baada ya misa, Papa Ndayambaje, chefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wao, aliyeahirisha kesi kungoja wiki za daktari, alifika na daftari lake chini ya kwapa. Madaktari wote wawili walikuwepo. Ua ulijaa. Hata watu wa avenyu nyingine walikuja, wakisema wanatafuta kivuli.

"Mama Masika," chefu akaanza kwa uzito, "unanijua?"

"Wewe ni Ndayambaje. Bibi yako ni Joviale, ana mimba ya miezi saba, na wiki jana ulimuacha abebe bidon ya maji. Wote walikuona."

Chefu alifungua daftari haraka kutafuta pa kujificha. "Mushitaki yuko wapi?"

Macho yote yakaenda kwenye mlango wa Cibalonza. Ulikuwa umefungwa.

"Bila mushitaki hakuna kesi," akasema chefu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na mwenye njaa, akaongeza, "lakini ninasikia harufu ya sambaza."

Charline alikuwa ameshapakua. Bugali ilitoa moshi, sombe ya majani ya muhogo imekolea mafuta, sambaza, dagaa wa ziwani, zimejaa sinia. Watu wakaanza kusogea, wakinawishana maji. Ni Koko peke yake aliyesogea upande mwingine. Akakaa ukingoni mwa benchi, akahesabu mpaka kumi, akasimama. Balagizi akainuka kumshika. Daktari Mukamugema akamvuta koti, kijana akakaa tena. Bibi akavuka mawe meusi, hatua moja moja, bila kuyumba, mpaka kwenye ule mlango. Akagonga.

"Cibalonza."

Ndani mtu akasogea karibu na mlango.

"Ninasikia unapumua, mwanangu."

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. "Koko, ninasikia haya. Lile neno nilitaka kukuita..."

"Hukuniita."

"Nilitaka."

"Julien aliniita mabaya kuliko hilo, siku nilimukatalia pikipiki," Koko akasema. "Na ninamunywa kila asubuhi. Toka humo. Sambaza inapoa, na chefu ameshakalia kiti yako. Njoo, tuingie tule."